Risasi Isiyoisha Ina Bei: Hesabu za Bunduki ya Sinema

AKM, bunduki ambayo kila mpenzi wa filamu za mapigano anaitambua kwa magazini yake iliyopinda, hutema risasi kwa kasi ya 600 kwa dakika ukiiachia itiririke. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30. Fanya hesabu ya darasa la nne: ndani ya sekunde 3 magazini ni tupu. Sasa ingia kwenye kibanda umiza chochote cha Unga Limited, Ngarenaro au Kaloleni, mjini Arusha, lipa kiingilio chako cha shilingi mia chache, ujibane kwenye benchi, halafu uhesabu kimoyomoyo tangu staringi anapoanza kumimina risasi. Utafika ishirini, utafika arobaini, na mtutu bado unatema moto.

Kila aliyekaa kwenye benchi lile anajua kwamba staringi hafi. Hilo ni sharti la mchezo, halimdanganyi mtu. Linalojulikana kidogo ni kwamba uongo wa bunduki kwenye sinema una mahesabu yake, na mahesabu hayo ni ya fedha, ya muda na ya usalama. Ukiyapanga vizuri unapata vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni uongo unaookoa maisha ya waigizaji. Cha pili ni uongo unaookoa muda na fedha za mtayarishaji. Cha tatu, ambacho ndicho cha kushangaza, ni uongo unaogharimu kuliko ukweli wenyewe. Tutavifungua vyote, lakini kwanza tupime umbali uliopo kati ya bunduki ya sinema na bunduki ya chuma.

Mwalimu wetu ni skrini

Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao yake Geneva, ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa dunia nzima walikuwa na bunduki zipatazo milioni 857. Kati ya hizo, milioni 393 zilikuwa mikononi mwa raia wa Marekani, nchi yenye watu wasiofika asilimia 5 ya watu wote duniani. Huko ni bunduki 120 kwa kila watu 100. Kwa Tanzania, makadirio hayohayo hayafiki bunduki moja kwa kila watu 100.

Maana yake ni rahisi. Mmarekani aliyeshindwa kuamini alichokiona kwenye filamu anaweza kumuuliza mjomba wake mwenye bunduki kabatini. Kijana wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, hana wa kumuuliza. Bunduki anayoiona kwa macho yake ni ile ya askari polisi, ya mlinzi wa benki au ya askari wa hifadhi, na zote hizo, kwa bahati njema, huwa kimya. Bunduki inayolia ameisikia kwenye skrini, mara nyingi huku mtafsiri akieleza kwa Kiswahili nani anamfukuza nani. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliwafungulia Watanzania wengi mlango wa filamu za kigeni kwa njia hiyo, na vijana wakatoka wakimwigiza Rambo na Komando mtaani. Mwalimu wa bunduki kwetu ni mmoja tu, naye hana cheti.

Lakini Arusha ina fursa ambayo miji mingi haina. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya TANAPA, hapa ndipo safari nyingi za uwindaji zinapopangwa, na kilomita 35 hivi kutoka mjini ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako mtu wa kawaida anaweza kutembea siku kadhaa nyuma ya bunduki ya kweli. Hakuna kundi linalopanda Mlima Meru bila askari wa hifadhi mwenye silaha. Kuanzia geti la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, njia inapita kwenye malisho ya nyati. Mtazame askari huyo. Bunduki imening'inia begani kwa mkanda, mtutu haumwelekei mtu, kidole hakiko kwenye kifyatulio. Akisikia kichaka kinavunjika hakimbilii silaha: anainua mkono watu wasimame, anasikiliza, anapiga makofi au anapaza sauti, anampa nyati nafasi ya kuondoka. Risasi ni neno lake la mwisho, tena anaomba asilitamke. Hakuna filamu ya mapigano inayoanza hivyo.

Mzigo wa staringi

Tuanze na uzito, maana mizani haina ushabiki. Risasi moja ya AKM, yaani ganda, baruti na kichwa chake, ina gramu 16 hivi. Risasi 30 zinakaribia nusu kilo, na ukijumlisha chuma cha magazini yenyewe unapata gramu 820 hivi kwa magazini moja iliyojaa.

Staringi anayemimina risasi dakika nzima anahitaji risasi 600. Hizo ni magazini 20, kilo 16.4, mbali na bunduki yenyewe ambayo ikiwa tupu ina kilo 3 na ushee. Mapigano ya dakika kumi yanadai magazini 200, kilo 164. Hapo ameshabeba watu wazima wawili mgongoni, na bado anaruka ukuta.

Kuna pia hesabu ya muda. Mpe staringi wetu mikono myepesi: achomoe magazini tupu na kupachika nyingine kwa sekunde 3 tu. Katika magazini 20 atabadilisha mara 19, sawa na sekunde 57. Kwa hiyo dakika moja ya risasi inachukua karibu dakika mbili za kweli, na nusu yake mhusika wetu anahangaika na mfuko wa kiunoni. Ndiyo sababu wanajeshi hawapigani hivyo. Mzigo wa kawaida wa askari wa miguu wa Marekani ni magazini 7, risasi 210. Kwa kasi ya 600 kwa dakika zingekwisha kwa sekunde 21, akabaki na rungu la bei ghali. Anafundishwa kupiga moja moja, na kuhesabu.

Mfano unaojulikana na wengi ni Rambo wa mwaka 1985, akiwa ameishika M60 na kumwaga moto. M60 ni bombomu la kilo 10.5 bila risasi. Mkanda wake wa risasi 100 una uzito wa kilo 3 hivi, na kwa kasi ya risasi 550 kwa dakika mkanda huo unaisha kwa sekunde 11. Zaidi ya hapo, chuma nacho kina subira yake: ukiifyatua kwa kasi hiyo mfululizo, maelekezo ya jeshi yanataka mtutu ubadilishwe kila baada ya dakika moja, kwa sababu umeshakuwa moto kupita kiasi. Rambo habadilishi mtutu, na misuli yake haitetemeki.

Anayepigwa harushwi

Kwenye sinema mtu akipigwa risasi ya kifua anapaa, anapita dirishani, anatua juu ya gari. Fizikia ya kidato cha pili inakataa.

Kichwa cha risasi ya AKM kina gramu 7.9 na hutoka kwenye mtutu kwa mita 715 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa mwendo upate msukumo wake, kisha uugawe kwa mtu wa kilo 70. Jibu ni sentimita 8 kwa sekunde. Mtu anayetembea taratibu barabarani huenda zaidi ya sentimita 130 kwa sekunde. Ili risasi zimrushe mtu nyuma kwa mita 3 kwa sekunde, kama tunavyoonyeshwa, zingehitajika 37, zote zimkute kwa wakati mmoja na zote zibaki mwilini. Magazini nzima haitoshi.

Kanuni ni ileile ya Newton: msukumo unaotoka mbele ya bunduki unarudi nyuma kwa aliyeishika. Risasi ambayo ingemrusha aliyepigwa ingemrusha kwanza aliyepiga.

Jaribu hesabu hiyo kwa nyati wa Meru, dume la kilo 700 linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa, karibu mita 14 kila sekunde. Katika uwindaji wa wanyama hatari, bunduki ndogo kabisa inayokubalika Tanzania ni ya kipimo cha .375, na wengi hupendelea .458, ambayo kichwa chake kina gramu 32 na hutoka kwa mita 620 hivi kwa sekunde. Hilo ni dude lenye nguvu mara tatu ya risasi ya AKM, na teke lake begani halisahauliki. Bado, kwa msukumo peke yake, linampunguzia nyati mwendo kwa sentimita 3 kwa sekunde. Kutoka mita 14 hadi mita 13.97. Nyati anasimama pale tu risasi inapofika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Ikikosa hapo, hata ikipita kwenye moyo, anaweza kuendelea kuja. Akitokea umbali wa mita 30, askari ana sekunde 2: risasi moja, labda mbili. Sasa unaelewa kwa nini alikuwa anapiga makofi.

Fyu! na sikio la binadamu

Uongo wa tatu ni wa sailensa, lile bomba linalofungwa mdomoni mwa bastola. Kwenye filamu inatoa sauti ya mtu anayetema mbegu ya chungwa, na mlinzi wa chumba cha pili anaendelea kusinzia.

Mlio wa bastola hufika desibeli 160 hivi. Sailensa nzuri hupunguza kati ya 20 na 35. Kwa hiyo inabaki 125 hadi 140. King'ora cha gari la wagonjwa ukisimama karibu nacho kiko kwenye 120. Mazungumzo ya watu wawili sebuleni ni 60. Na kipimo cha desibeli hakipandi kama ngazi ya kawaida: kila 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10. Toka 60 hadi 130 umeizidisha mara milioni 10. Mlinzi ataamka, na majirani zake pia.

Risasi ya bunduki kubwa ina shida nyingine. Inakwenda kwa kasi mara mbili ya sauti, na kitu chochote kinachoipita sauti hupasua hewa kwa kishindo chake chenyewe njia nzima. Kishindo hicho hakizuiliwi na bomba lolote.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipate kishindo cha ghafla kinachozidi desibeli 140, na mtoto kisizidi 120. Bastola isiyo na sailensa inavuka mipaka yote miwili kwa mlio mmoja. Mapigano ndani ya lifti au korido, ambayo sinema inayapenda mno, yangewaacha wote, wema na wabaya, wakiwa na mlio wa nzi masikioni na hawasikilizani. Badala yake, staringi anamnong'oneza mpenzi wake, naye anajibu.

Asilimia 18

Kwenye filamu kuna takwimu mbili za shabaha: ya adui ni sifuri, ya staringi ni mia.

Taasisi ya RAND ilichambua rekodi za polisi wa New York za mwaka 1998 hadi 2006, watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Katika matukio ambayo mtuhumiwa naye alikuwa akifyatua, risasi za polisi zilizompata mlengwa zilikuwa wastani wa asilimia 18. Pale ambapo mtuhumiwa hakujibu risasi, zilifika asilimia 30. Mapigo ya moyo, kiza, watu wanaokimbia na mikono inayotetemeka ndivyo vilivyokula zilizobaki.

Ichukue magazini ya bastola yenye risasi 17, kama ya Glock 17. Kwa asilimia 18, tatu zinafika zilikotumwa. Swali ambalo sinema haiulizi kamwe ni hili: zile 14 zimeangukia wapi?

Vikapu vitatu

Sasa turudi kwenye fedha. Kikapu cha kwanza, uongo unaookoa maisha, hakina ubishi. Waigizaji hutumia risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lisilo na kichwa. Kwa kuwa hakuna kichwa kinachotoka, hakuna teke la maana, ndiyo maana bunduki ya kwenye filamu inatulia mkononi kama mwiko. Nyingine ni za mpira au plastiki, na moto wa mdomoni unachorwa baadaye kwa kompyuta. Uongo huu tuupigie makofi, kwa sababu bei ya kuukosa inajulikana.

Tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina, mwigizaji Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alipigwa risasi na kufa akiigiza filamu ya The Crow. Alikuwa na miaka 28. Kwa picha ya karibu, watengenezaji walihitaji risasi zinazoonekana halisi lakini zisizolipuka. Badala ya kununua zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zilitumika risasi za kweli zilizomwagwa baruti, na fataki za kitakoni zikaachwa. Fataki moja ilisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Baadaye bastola hiyohiyo ikapakiwa risasi baridi, ikafyatuliwa, na kilichokwama kikatoka.

Tarehe 21 Oktoba 2021, New Mexico, mpigapicha mkuu Halyna Hutchins aliuawa kwenye mazoezi ya filamu ya Rust, na mwongozaji Joel Souza akajeruhiwa. Bajeti ya filamu ilitajwa kuwa takriban dola milioni 7 na upigaji ulipangwa siku 21. Msimamizi wa silaha alikuwa pia na kazi za msaidizi wa vifaa vingine, na malipo yake ya usimamizi wa silaha yalipangwa kwa siku 8. Wachunguzi walikuta risasi halisi 6 mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na hata moja. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo hilo ikaitoza kampuni faini ya dola 136,793, chini ya asilimia 2 ya bajeti, ambayo baadaye ilishushwa kwa makubaliano hadi 100,000. Msimamizi wa silaha alihukumiwa miezi 18 jela Aprili 2024. Kilichookolewa kwa kubana siku za msimamizi ni fedha ndogo mno mbele ya hasara hiyo, na uhai hauna kiwango cha kubadilishia. Baada ya tukio hilo, tamthilia ya The Rookie iliachana na bunduki halisi, na Dwayne Johnson akatangaza kwamba kampuni yake itatumia za mpira tu.

Kikapu cha pili ni uongo wa kubana matumizi. Kubadilisha magazini mara 19 kunarefusha tukio maradufu, na kila dakika ya filamu ina mshahara wa watu wengi nyuma yake. Anayekufa papo hapo ni nafuu: anaanguka, anakwenda zake nyumbani. Anayekufa kwa dakika 20 anahitaji damu ya bandia, mrembaji, mwigizaji anayejua kazi na mhariri mvumilivu. Mtayarishaji anachagua la kwanza, nasi tunamwelewa, japo tutaona punde kwamba hapa ndipo deni linapoanzia.

Kikapu cha tatu ndicho kinachovunja hesabu. Kumrusha mtu nyuma mita tatu kunahitaji kamba, mkanda wa kiunoni, godoro, na mtu aliyefunzwa kuanguka. Kumwacha aketi chini alipo ni bure. Gari linalolipuka kwa risasi moja ya kwenye tangi la mafuta linahitaji mtaalamu wa milipuko na gari lenyewe. Petroli iliyo ndani ya tangi hailipuki kwa kutobolewa na risasi ya kawaida, kwa hiyo ukweli ungemwachia mtayarishaji gari lenye tundu, akaliuza. Cheche zinazoruka kila risasi inapogonga ukuta zinatengwa na kulipuliwa moja moja, ilhali kichwa cha risasi ya kawaida ni madini laini ya risasi yaliyovikwa shaba, na hakitoi cheche hizo. Mistari ya risasi inayokata maji mita kumi huchorwa kwa kompyuta, ilhali jaribio la kipindi cha MythBusters mwaka 2005 lilionyesha risasi za bunduki kali zikivunjika kabla hazijamaliza hata mita 1 ya maji. Huu ni uongo wa anasa. Haumlindi mtu, haupunguzi bajeti, tena unaiongeza. Unabaki kwa sababu mtazamaji ameuzoea, na ameuzoea kwa sababu haujawahi kuondoka.

Momella: pale ukweli ulipolipiwa

Chini ya Meru kuna shamba lililoonyesha kinyume chake. Momella lilikuwa makazi ya Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika mwaka 1907 na kupata sifa ya uwindaji. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alileta hapo kikosi chake kutengeneza Hatari!, akiwa na John Wayne, Elsa Martinelli, Red Buttons na Hardy Krüger. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, picha zikiwa zimeshapigwa, na filamu ikaingia kumbi za sinema mwaka 1962 ikiwa na dakika 157.

Hii ilikuwa filamu ya Afrika na wazungu wenye kofia pana, aina ambayo kwa desturi ya Hollywood ingejaa milio ya bunduki na simba wanaoanguka. Hawks alichagua watu wanaokamata wanyama wakiwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Wayne aliketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi mti mrefu wenye kitanzi, gari likimfukuza kifaru kwenye nyika yenye mashimo. Kifaru mweusi ana kilo 800 hadi 1,400 na anaweza kukimbia kilomita 50 kwa saa. Vifaru wale walikuwa wa kweli na waigizaji walikuwa juu ya yale magari. Fataki kubwa kuliko zote kwenye filamu nzima ni roketi inayorusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili.

Bei ya ukweli huo ilikuwa miezi ya kukaa Tanganyika, hadithi iliyosubiri kuona wanyama watafanya nini, na hatari iliyotajwa kwenye jina la filamu. Mapato yake yalikuwa ni picha ambazo bado zinatazamwa, uteuzi wa tuzo ya Oscar kwa mpigapicha Russell Harlan, na Krüger kuipenda Momella hadi akainunua na kuishi hapo miaka zaidi ya kumi. Leo wageni wanalala kwenye lodge yenye jina la filamu hiyo. Kwa mji wa Arusha, dakika 157 za wanyama waliokamatwa wakiwa hai bado zinazaa ajira zaidi ya miaka 60 baadaye.

Bunduki iliyotawala hadithi ya wanyama wetu baadaye haikuwa ya sinema. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 109,051 Tanzania. Ya mwaka 2014 ilikuta 43,330. Wametoweka 65,721 ndani ya miaka mitano, wastani wa 36 kwa siku, ujangili ukiwa chanzo kikuu. Vifaru weusi waliokuwa kwenye eneo la Meru nao walimalizwa. Huko hakukuwa na gari la kulipuka wala bombomu la dakika nzima. Risasi chache, kila siku, kwa miaka. Ndivyo bunduki inavyofanya kazi hasa, na ndiyo sababu ni vigumu kuitengenezea filamu ya kusisimua.

Bili inaletwa kwetu

Deni la kikapu cha pili na cha tatu hulipwa na mtazamaji. Kipengele cha kwanza ni jeraha la bega. Staringi anapigwa begani, anafunga kitambaa, anaendelea. Mtu wa kilo 70 ana lita 5 hivi za damu. Akipoteza lita 2 yuko mlangoni mwa mauti, na mshipa mkubwa wa bega au paja ukikatika, damu hiyo yaweza kumtoka kwa dakika chache. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru iko mjini. Mgonjwa akihitaji rufaa ya hospitali ya KCMC, iliyoko Moshi, ni kilomita 80. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hiyo ni saa 1 na dakika 20. Anayeamini jeraha la bega ni jambo la kitambaa hatakandamiza kidonda kwa nguvu, hataharakisha usafiri, atapoteza dakika ambazo hazipo.

Cha pili ni risasi ya hewani. Kwenye filamu mtu anapiga juu, umati unatawanyika, risasi inayeyuka mawinguni. Risasi ya AKM inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, umbali unaopita kutoka Mnara wa Saa hadi Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Iliyopigwa wima hurudi kwa mita 60 hadi 100 kwa sekunde, na mita 60 zinatosha kupasua ngozi. Iliyopigwa mshazari inarudi na kasi kubwa zaidi. Tarehe 16 Februari 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa Kinondoni, Dar es Salaam, akiwa ndani ya daladala, kwa risasi iliyopotea wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Hakuwa mlengwa wa mtu. Zile risasi 14 tulizozitafuta huwa zinatua mahali.

Bajeti ya sifuri

Haya hayamwambii mtayarishaji wa Arusha aache filamu za mapigano. Yanampa nafasi. Hawezi kushindana na Hollywood kwa kulipua magari, na wala hana haja ya kupeleka bunduki halisi kwenye seti. Kuna sheria ya silaha ya mwaka 2015 na kuna polisi wa kumuuliza maswali, na ya plastiki inatosha kabisa. Lakini kila kilichomo kwenye kikapu cha tatu akikiacha anapata faida mara mbili: fedha zinabaki, na filamu inaaminika.

Mhusika aishiwe risasi katikati ya hatari: gharama ni sifuri, na hofu inayoingia ukumbini haipatikani kwa mlipuko wowote. Baada ya mlio ndani ya chumba, sauti izimwe sekunde kumi na mhusika asisikie anachoambiwa: mhariri anafanya hivyo kwa kubonyeza kitufe. Risasi nne kati ya tano zikose, na kamera ifuate moja iliyokosa hadi ilipoangukia. Aliyepigwa aketi chini alipo, na ndugu zake watafute gari usiku, wabishane nani ana mafuta, wapigie simu kijana mwenye Noah. Hadithi hiyo kila mtu wa Arusha anaijua, na hakuna studio ya Los Angeles inayoweza kuiandika vizuri kuliko yeye.